Spidomita Inapunja Baada ya Kubadili Matairi: Kutafuta Kosa Kwenye Kirekebishi cha Kielektroniki

Ukitoa matairi ya 175/65R14 ukafunga ya 185/70R14 ili gari lisisugue tumbo kwenye matuta, kipenyo cha gurudumu kimetoka milimita 583 hadi 615. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 5.4. Spidomita haina habari. Inaendelea kuhesabu mizunguko ileile ya giaboksi, kwa hiyo kama ilikuwa sahihi mwanzoni, sasa mshale ukisimama kwenye 50 wewe unakwenda karibu 53, na kwenye 80 unakwenda 84. Askari mwenye tochi hasomi dashibodi yako. Odomita nayo inapunja: ikikwambia umetembea kilomita 10,000 tangu umwage oili, kweli umetembea 10,540.

Kirekebishi ni saketi ndogo inayokaa kati ya sensa ya spidi na dashibodi. Inapokea mapigo ya umeme kutoka kwenye sensa, inayazidisha kwa 1.054, inatoa mapigo mapya. Kuiunga ni kazi ya jioni moja. Kinachokula wiki nzima ni pale inapogoma, na mtu anaanza kubadili programu, kisha anabadili transista, kisha anarudi kwenye programu, bila kujua kosa liko upande gani. Mara nyingi kosa si la programu wala si la hesabu ya tairi. Ni kwamba gari halikupimwa kabla waya haujakatwa.

Kwanza hakikisha gari lako linafaa. Kama spidomita inazungushwa na kebo ya chuma kutoka giaboksi, hakuna mapigo ya umeme ya kurekebisha. Kama dashibodi inapokea spidi kama data kwenye mtandao wa CAN (nyaya ambazo kompyuta za gari huzungumzia), saketi hii haitakusaidia pia, kwa sababu huko hakuna mapigo, kuna ujumbe. Ninayoyasema hapa ni ya magari kama Corolla za miaka ya 1990, zenye sensa ya nyaya tatu kwenye giaboksi.

Vipimo vya kuchukua gari likiwa bado zima

Washa swichi bila kupiga stata. Chomoa soketi ya sensa uipime kwa multimita: waya mmoja utakupa volti 12, mmoja ni eathi, wa tatu ni wa ishara. Sasa pima huo wa tatu upande wa dashibodi, sensa ikiwa bado imechomolewa. Ukikuta volti 12, au 5, andika kwenye karatasi. Namba hiyo ndiyo itakayokuokoa baadaye, na ndiyo ambayo karibu kila mtu huiruka.

Rudisha soketi. Weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma, vuta breki ya mkono, nyanyua gurudumu moja la mbele kwa jeki na uliweke kwenye stendi, gia ikiwa huru. Gusisha multimita kwenye waya wa ishara kwa nyuma ya soketi, kisha zungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Volti zitapanda na kushuka. Spidomita nyingi za Kijapani zimetengenezwa kwa sensa inayozunguka mara 637 kwa kilomita na kutoa mapigo 4 kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Kwa matairi ya 175/65R14, mizunguko mitatu ya gurudumu inapaswa kukupa mapigo kama 7. Ukipiga hesabu utaona yangepaswa kuwa 14, na hapo wengi hudhani sensa ni mbovu. Sensa ni nzima. Gurudumu la pili limekaa chini limetulia, kwa hiyo difu inazunguka nusu tu.

Ukipata mapigo 7, sensa iweke kando katika mashaka yako yote ya baadaye. Ukipata 5 mara hii na 7 mara nyingine, fungua sensa utazame kigia chake cha plastiki. Meno yakiliwa, mshale hufa na kufufuka wenyewe, na hakuna kirekebishi kitakachotibu hilo.

Saketi yenyewe, kwa ufupi

Ninatumia Arduino Nano, kikompyuta kidogo unachokiandikia programu. Mlango wa kuingilia una transista ya 2N2222, rezista ya kiloohmu 22 kuelekea besi, na kapasita ya nanofaradi 10 kutoka besi hadi eathi. Mlango wa kutokea ni transista nyingine ya aina hiyohiyo, kolekta ikiwa wazi, imeungwa moja kwa moja na waya unaokwenda dashibodi. Umeme unaingia kupitia fyuzi ya ampea 1, dayodi ya 1N4007, kapasita ya maikrofaradi 470 na regyuleta ya 7805. Zaidi ya hiyo 1N4007, dayodi ya kuzuia miruko ya volti (TVS) ni lazima kwenye gari. Mtu akija kukubusti betri iliyokufa, au terminali ya betri ikilegea injini ikiwa inachaji, nyaya za gari hupitisha volti nyingi kuliko Nano inavyoweza kuvumilia.

Mtu atakwambia ununue kristali ya usahihi wa juu, ile inayoendesha saa ya ndani ya Nano. Usipoteze hela. Saa ileile inayopima mapigo yanayoingia ndiyo inayopanga mapigo yanayotoka. Ikichelewa kwa asilimia 2 inachelewa pande zote mbili, na uwiano unabaki uleule. Ndiyo maana hata ATtiny85, chipu ndogo yenye saa ya ndani isiyo makini sana, inafanya kazi hii vizuri kabisa.

Dalili: mshale haunyanyuki kabisa

Kabla ya lolote, toa kirekebishi na uunganishe waya wa sensa na waya wa dashibodi kwa kipande cha waya, kama ilivyokuwa zamani. Endesha mita mia. Mshale ukifanya kazi, kosa liko ndani ya saketi yako. Usipofanya kazi, umeharibu kitu kwenye nyaya za gari, pengine fyuzi ya dashibodi au eathi ya sensa.

Sasa tuseme mshale unafanya kazi bila kirekebishi, na ukikirudisha unakufa. Programu umeijaribu mezani na ilikubali. Hapa ndipo ile namba ya karatasini inapoingia.

Sensa ya nyaya tatu kwa kawaida haitoi volti. Kazi yake ni kuushusha waya wa ishara hadi eathi na kuuachia, basi. Volti 12 ulizozipima zilitoka kwenye dashibodi yenyewe, kupitia rezista iliyo ndani yake. Ulipokata waya katikati ukaweka kirekebishi, sensa ilibaki upande mmoja na rezista ikabaki upande wa pili. Sensa inaushusha waya ambao tayari uko chini. Hakuna pigo linaloonekana. Mezani ilikubali kwa sababu uliipelekea ishara kutoka chombo kinachotoa volti zake chenyewe.

Dawa ni rezista moja ya kiloohmu 4.7 kutoka volti 12 zinazokuja na swichi hadi waya wa sensa, upande wa kirekebishi. Kisha rudia jaribio la jeki ukipima waya huo. Ukiona volti zikipanda na kushuka, mlango wa kuingilia uko hai.

Upande wa kutokea una kosa lake pacha. Wengi huunga pini ya Nano moja kwa moja na dashibodi. Kama dashibodi inatoa volti 12, pini ya volti 5 inapokea umeme usiouweza, na huenda ikafa siku hiyohiyo. Ndiyo sababu ya ile transista yenye kolekta wazi: inafanya kilekile ambacho sensa ilikuwa ikifanya, kushusha na kuachia, na haijali kama dashibodi ni ya 5 au ya 12.

Dalili: juu ya 45 iko sawa, chini yake ni vurugu

Hii inachanganya watu sana kwa sababu inafanana na kosa la nyaya. Unakimbia 70, mshale umetulia. Unapunguza kuingia kijijini, ukifika 43 hivi mshale unaruka, au unazima, au unapanda wakati gari linapungua.

Piga hesabu. Kwa mapigo 2,548 kwa kilomita, muda kati ya pigo na pigo ni maikrosekunde 1,412,873 gawanya kwa spidi. Kwenye 60 ni kama 23,500. Kwenye 43 unavuka 32,767, namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa ndani ya `int` ya Nano. Ikivuka hapo inageuka hasi, na kila hesabu inayofuata ni takataka. Ukiitangaza kama `unsigned int`, isiyo na hasi, tatizo halijaisha, limehamia kwenye 21 au 22, maana kikomo chake ni 65,535. Muda wa maikrosekunde utunze kwenye `unsigned long`, yenye nafasi kubwa zaidi, na hata matokeo ya katikati ya kuzidisha yawe ya aina hiyo.

Kuna kosa la pili linalotokea karibu pale pale, na limenipotezea muda mwingi kuliko yote. Mtu anatumia `tone()`, amri ya Arduino ya kutoa mawimbi, kutoa mapigo. Kwenye Nano, `tone()` haiwezi kushuka chini ya hezi 31. Kwa gari letu, hezi 31 ni kilomita 43.8 kwa saa. Kwa hiyo makosa mawili tofauti kabisa yanaonyesha dalili moja, kwenye spidi zinazokaribiana sana. Ukirekebisha la kwanza ukaona dalili imebaki, utaamini kwamba marekebisho yako hayakuwa na maana na utayafuta.

Kuyatofautisha, unga laptopu, chapisha muda unaosomwa, na mwenzako aendeshe kwenye uwanja wazi. Namba ikibadilika vizuri kutoka 30,000 hadi 40,000 bila kuruka huku mshale ukichachawa, kosa liko kwenye kutoa. Namba yenyewe ikiruka au ikawa hasi, kosa liko kwenye kupima. Kwa kutoa, achana na `tone()`. Geuza pini mwenyewe kila nusu ya muda uliokokotolewa, au tumia taima ya biti 16. Na usiweke `delay()`, amri ya kusubiri, popote. Wakati programu imelala, kazi ya kugeuza pini kwa wakati inasimama.

Dalili: mshale unaanguka ghafla safarini, kisha unarudi

Kama unaanguka ovyo, tafuta soketi iliyolegea au lehemu mbovu. Tikisa nyaya injini ikiunguruma na gurudumu likiwa kwenye stendi.

Lakini kama ni safari ndefu tu, na ukitazama saa unakuta ni baada ya saa moja na dakika 11 na nusu hivi tangu uwashe gari, acha nyaya. `micros()`, saa ya Nano ya maikrosekunde, inahesabu hadi 4,294,967,295 kisha inaanza sifuri, na hiyo ni dakika 71.6. Programu iliyoandikwa "kama sasa ni kubwa kuliko wakati uliopangwa" inakwama hapo. Iandikwe "kama sasa toa wakati wa mwisho ni zaidi ya muda", zote zikiwa `unsigned long`, na mzunguko huo utapita bila mshale kutikisika. Gari la mizunguko ya mjini linaweza kuishi na kosa hili mwaka mzima bila kulionyesha. Litajitokeza siku ya safari ya Dodoma.

Dalili: gari limesimama, mshale unaonyesha 5 au unacheza

Kama unabaki palepale bila kutikisika, programu haijaambiwa lini ikubali kwamba gari limesimama. Inarudia muda wa mwisho iliousoma. Weka sharti: sekunde 1 ikipita bila pigo, acha kutoa. Sekunde 1 ni sawa na kilomita 1.4 kwa saa, hakuna atakayeona tofauti.

Kama unacheza, na ukikanyaga mafuta ukiwa umesimama unapanda, huo ni umeme wa plagi unaoingia kwenye waya wa sensa. Angalia kwanza kama plagi zina herufi R kwenye namba yake, mfano BPR5ES au K16R-U. Herufi hiyo inamaanisha zina rezista ndani ya kupunguza kelele. Kisha sogeza waya mbali na koili na nyaya za plagi, na eathi ya kirekebishi ifungwe sehemu moja na eathi ya dashibodi, si kwenye bati la karibu lililo tupu. Mwisho, programu ikatae pigo lolote linalokuja chini ya milisekunde 4 baada ya jingine. Kwenye 180 mapigo yanaachana kwa karibu milisekunde 7.8, kwa hiyo chochote kifupi kuliko 4 hakikutoka kwenye gurudumu.

Dalili: mshale unatetemeka kwenye mwendo mdogo

Sumaku za sensa hazikupangwa kwa nafasi sawa kabisa, na mapigo manne ya mzunguko mmoja hutofautiana kidogo. Ukizidisha kila pigo peke yake, unapeleka tofauti hiyo kwenye mshale. Chukua wastani wa mapigo 4 ya mwisho. Yawe 4 kamili. Ukichukua 3 au 5 wastani unabeba sumaku tofauti kila mara na mtetemo unabaki.

Dalili: taa ya injini inawaka, au O/D OFF inapepesa

Spidomita iko sawa, lakini mashine ya kupima inasoma P0500 (kosa la sensa ya spidi), au giaboksi ya otomatiki inagoma kupanda gia ya mwisho (O/D). Umekata waya mahali pasipo. Kwenye Toyota nyingi za zamani sensa hupeleka ishara dashibodi, na dashibodi ndiyo inayoipeleka kwa kompyuta ya injini. Kirekebishi kikikaa karibu na sensa, wote wanapata ishara ileile iliyorekebishwa. Lakini kama waya umegawanyika kabla ya dashibodi na wewe umekata upande wa sensa bila kurudisha tawi la kompyuta, kompyuta haipati kitu. Fuata rangi ya waya hadi kwenye soketi zote mbili kabla ya kuweka mkasi.

Kama gari ni la abiria na lina kidhibiti mwendo, usiguse waya unaokilisha. Kidhibiti kina kazi ya kulinda roho za watu, na kinapimwa na mamlaka.

Kupata namba ya kuzidisha

Hapa nina msimamo. Usirekebishe kwa kutazama mshale.

Kanuni ya kimataifa namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi, na inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 jumlisha kilomita 4. Watengenezaji kwa hiyo huupanga mshale usome juu kidogo kwa makusudi. Ukilazimisha mshale ulingane na GPS ya simu, utakuwa umeipotosha odomita kwa kiasi kilekile, maana zote mbili zinakula mapigo hayohayo.

Tumia umbali. Weka kizidishi kiwe 1, rudisha tripu (kihesabu cha safari) sifuri, tembea kilomita 50 ukiwa na simu inayorekodi umbali kwa GPS. Kipande cha Chalinze hadi Morogoro kinatosha. Gawanya kilomita za GPS kwa kilomita za tripu. GPS ikisema 52.6 na tripu 50.0, kizidishi ni 1.052. Kilomita 10 hazitoshi: tripu inasoma kwa mia za mita, na mia moja ndani ya 10 tayari ni kosa la asilimia 1.

Baada ya kuingiza namba hiyo, mtu wa pembeni, siyo dereva, alinganishe mshale na GPS kwenye 50, 80 na 100 mwendo ukiwa umetulia. Mshale ukizidi kilomita 2 hadi 4, uache. Ukizidi kwa kilomita zilezile 8 kwenye spidi zote, kizidishi hakina kosa. Kuna mtu aliwahi kuung'oa mshale na kuurudisha vibaya. Tofauti ikikua kadiri mwendo unavyokua, rudi kwenye hesabu ya umbali.

Wala usihangaike na nusu asilimia. Tairi jipya lenye kashata ya milimita 8 likiliwa hadi 1.6, kipenyo kimepungua karibu milimita 13, ambayo ni asilimia 2 ya tairi hili. Namba uliyoipata leo ni ya tairi la leo.

Saketi hiihii inaweza kufanya odomita ihesabu kilomita chache kuliko zilizotembewa. Anayefanya hivyo ili auze gari anamwibia mnunuzi, na anaweza kumwua, kwa sababu mkanda wa taimingi unabadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa pale.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha plasta saizi ya tairi, kizidishi, tarehe, na rangi za nyaya ulizokata, ukibandike kwenye kasha la kirekebishi chini ya dashibodi. Acha pia soketi mbili zinazoweza kuunganishwa moja kwa moja bila kirekebishi, ili siku kikifa njiani fundi yeyote airudishe ishara ya asili kwa dakika 1.